Mianzi Iliyovuka Mpaka

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Najua hadi dakika kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya mama karibu na sikio lake. Mikono yake ilikuwa na matope mpaka viwikoni, na sauti ya baba mdogo ilikuwa inatoka kwa nguvu, hata mimi niliisikia bila kujaribu.

"Shemeji," alisema, "ile mianzi ya mtoto wako imevuka mpaka."

"Imevuka aje?"

"Imevuka tu. Iko kwangu. Mitano. Imepita chini kwa chini kama fuko."

Mama aliniangalia. Mimi nikaangalia mfuko wa mbolea.

"Alhamisi mchana naleta watu wa kuing'oa," akaendelea. "Hiyo mitano, na ile mama yake iliyoko kwa kukhu. Halafu namwaga dawa isirudi. Sitaki kesi, shemeji. Salimia watoto." Akakata.

Mama ana kitalu cha miche na maua kando ya barabara hapa Kitale. Baba mdogo, ambaye ni ndugu mdogo wa baba, anakaa Bungoma, upande wa Sirisia, na shamba lake limepakana na boma la kukhu. Kukhu ni mama ya baba. Baba mwenyewe anafanya kazi Lodwar na mambo kama haya humfikia yakiwa yamepoa.

Kwetu mmea ukivuka mpaka huwa si mmea tena, ni ushahidi. Watu hupanda vitu kuonyesha shamba linaishia wapi, na kila mtu mzima anamjua mtu ambaye ua la jirani lilisogea kwake hatua mbili na yeye akanyamaza, mpaka wajukuu wakaenda kortini. Baba mdogo hakuwa anaogopa majani. Alikuwa anaogopa mwaka ambao mtu angesimama mbele ya chifu aseme mianzi ya kaka yake imekuwa hapo tangu zamani. Mimi singemlaumu. Lakini hiyo mianzi ilikuwa yangu.

Niliipanda nikiwa darasa la nane, ikiwa mche mmoja ndani ya kopo la rangi. Mama alikuwa amenunua miche kumi ya mianzi ya urembo kutoka kwa mtu aliyepita na pikipiki, na mtu huyo hakujua aina yake. Alisema ni ya njano. Mama akanipa mmoja kwa sababu nilikuwa siongei na wageni, na alifikiria labda nitaongea na mti.

Siongei, ni kweli. Niko kidato cha tatu sasa na mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yangu, "Ana adabu sana." Mteja akiingia kitaluni, mimi huwa ghafla nina kazi ya kumwagilia miche iliyo mwisho kabisa. Wale wa kutoka Bungoma huuliza swali moja tu kuhusu mianzi: "Inatoa malewa?" Malewa ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yanakaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Mama akiwaambia hii ni ya kuangalia tu, wanaiangalia kidogo, halafu wananunua parachichi.

Lakini mambo ya mianzi nilisoma. Kuna inayotembea na kuna inayokaa. Inayotembea hutuma shina chini ya udongo, linasafiri, linatokea mbali, na siku moja unaamka liko katikati ya mboga. Inayokaa huongezeka palepale, watoto miguuni pa mama. Zote mbili zinaweza kuwa za njano. Ile inayotembea, aina iliyoko madukani kwetu, ina mfereji juu ya kila kifundo panapotoka matawi, ni kana kwamba mtu alipitisha kidole gumba mwanzi ukiwa bado laini, na matawi yake hutoka mawili mawili. Inayokaa haina mfereji, na matawi ni mengi, moja nene na mengine membamba. Maganda ya machipukizi yake yana manyoya meusi yanayoingia kwenye ngozi na kukaa huko siku mbili.

Wakati ule nilimwambia mama huu wangu ni wa kukaa. Nikampelekea kukhu, nikaupanda hatua nne kutoka mpakani, na nikamwekea kukhu sharti moja: asikate hata mmoja mpaka mwaka wa nne, mizizi ishike vizuri. Kukhu alikubali. Alisema, "Kwani mimi nina haja gani na miti isiyoliwa."

Sasa shida ilikuwa hii. Niliposema ni wa kukaa, mche ulikuwa mrefu kama rula. Mche wa rula hauna mfereji wala hauna cha kuonyesha. Nilikuwa nimekisia, halafu nikasahau kwamba nilikisia.

Jumanne hiyo mchana nilitafuta picha nilizopiga Krismasi na kuziweka kwenye ile programu ya kutambua mimea iliyo kwenye simu ya mama. Ikasema ni mwanzi unaotembea. Nikaweka picha nyingine ya mwanzi uleule. Ikasema unaokaa. Ya tatu ikasema ni muwa.

"Enda wewe," mama akaniambia. "Wewe ndiye unajua."

"Siwezi kuongea na baba mdogo."

"Basi usiongee. Enda ukae karibu na hiyo mianzi, akimwaga dawa akuone."

Jumatano jioni nilikuwa kwa kukhu. Mianzi ilikuwa imepita paa la jikoni. Ilikuwa imekuwa kichaka kikubwa, ya njano kama ndizi iliyoiva, kila mmoja na mistari ya kijani ambayo haikufanana na ya mwenzake, mipana na myembamba, mtu angesema fundi alikuwa anajaribu brashi. Nilipapasa vifundo kumi na viwili. Hakukuwa na mfereji hata mmoja. Matawi yalikuwa mengi. Nikashika ganda la chipukizi kwa mkono mtupu ili nihakikishe, na nikahakikisha.

Kwa hivyo ulikuwa wa kukaa. Lakini nikiangalia upande wa pili wa mpaka, niliona mitano, imefika kiunoni, ya njano, na mistari ileile. Niliandika kwenye daftari langu: "Inakaa. Lakini imeenda." Sikuweza kuandika kingine.

Alhamisi asubuhi baba mdogo alipita akielekea Bungoma mjini kununua dawa. Aliniona nimesimama kwa kichaka.

"Sasa, daktari wa miti."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mgonjwa wako anatembea, eh?"

Akacheka, akaenda. Angerudi saa nane na watu wawili. Wakati huo ilikuwa saa mbili na nusu.

Nikachukua jembe la kukhu na kuanza kuchimba kuzunguka kichaka. Mizizi ya mwanzi unaotembea ni kama kamba, inakwenda na ukiifuata utafika mahali. Hii yangu ilikuwa mafundo manene yaliyojikunja shingo kwenda juu, yamebanana hapohapo. Hakuna hata moja lililoelekea kwa baba mdogo. Nilichimba mtaro upande wote wa mpaka, kina cha goti. Nilipata mawe, kijiko, na pembe ya mbuzi.

Halafu nikavuka. Najua kuingia shamba la mtu bila kumwambia si vizuri, nimeandika hapa ili isionekane sikujua.

"Wacha huko," kukhu akasema kutoka jikoni.

"Naangalia tu, kukhu."

"Kuna nyoka huko."

Pale palikuwa shamba la nyanya msimu uliopita na sasa pamepaliliwa, udongo mtupu. Nyoka angehitaji kujificha nyuma ya bonge. Nikaendelea. Nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona jana: ile mianzi mitano ilikuwa kwenye mstari mmoja. Nikapima kwa miguu. Kati ya wa kwanza na wa pili, hatua mbili. Wa pili na wa tatu, hatua mbili. Kati ya wa tatu na wa nne, hatua nne, halafu mbili tena. Mwanzi unaotembea hauna kamba ya kupimia.

Nilipogeuka, kukhu alikuwa amekuja na kigoda chake. Akakiweka kando ya ule mwanzi wa tano, akaketi, akatandaza leso juu ya magoti mpaka ikaufunika mwanzi nusu.

"Jua la huku ni zuri," akasema.

Nikachimba wa kwanza. Chini yake hakukuwa na mzizi uliotoka mahali. Kulikuwa na kijiti kilichozeeka, urefu wa mkono mpaka kiwiko, juu kimevunjika, chini kimechongwa ncha. Mizizi midogo ilikuwa imetoka kwenye vifundo vyake na chipukizi likapanda kutoka kando. Mwanzi wa aina hii ukikatwa ukiwa mbichi na kudungwa kwenye udongo wenye maji, unaota. Nilijua hivyo. Mama huizalisha hivyo kitaluni. Sikujua tu kama kuna mtu mwingine ameizalisha.

Na ncha ile ilikuwa imechongwa kwa mapigo mawili yaliyolalia upande usio wa kawaida. Baba mdogo hutumia mkono wa kushoto. Hata meza aliyolitengenezea kanisa, miguu yake ina mteremko wa kwake.

"Kukhu," nikasema.

"Hicho ni kijiti tu."

"Kukhu, hiki kilikuwa kinashikilia nyanya za baba mdogo."

Akaangalia upande wa mlima.

"Alikuja akasema nyanya zake zimelala chini. Zina matunda, zimelala. Nikamwambia, kata kidogo. Nikaingia ndani kuangalia maziwa. Kutoka, amekata kumi na mmoja."

"Nilisema mpaka mwaka wa nne."

"Wewe ulikuwa shule. Nyanya zingengoja mfunge?"

Baadaye yakaja mengine, polepole. Baba mdogo alipovuna nyanya, alivunja vijiti kwa mguu usawa wa udongo, vikaenda jikoni. Vipande vya chini vikabaki ardhini. Mvua ya Aprili ikanyesha, na mitano kati ya kumi na mmoja ikaamka. Baba mdogo kwa akili yake alikuwa ameshaondoa vijiti vyote. Alipoona mianzi inatoka udongoni aliangalia ng'ambo, akaona kichaka, na kesi ikawa imekamilika.

"Sasa utamwambia," nikamwambia kukhu.

"Mimi siwezi." Akavuta leso. "Nilimwambia wewe umekubali. Aliniuliza, 'Mtoto hatakasirika?' Nikasema, 'Amekubali, nilimpigia.' Mimi ni mtu wa kanisa, mjukuu wangu. Mbele ya watu ataniuliza, 'Mama, kwani ulinidanganya?' Nitasema nini?"

"Nami nitasema nini?"

"Wewe huongei. Hakuna atakayeshangaa."

Nilirudi ndani nikajaribu kuandika ya kusema. Niliandika kurasa mbili. Zilianza na "Baba mdogo mpendwa" na kufika katikati zilikuwa zimekuwa somo la biolojia. Nikazikunja. Saa nane kasorobo nilisikia pikipiki.

Baba mdogo alikuja na chupa ya dawa, ya lita moja, ameishika kwa shingo kama jogoo wa kupeleka sokoni. Nyuma yake kulikuwa na wanaume wawili wa hapo jirani na majembe, mmoja mrefu na mwingine ambaye alikuwa bado anatafuna. Walisalimia kukhu vizuri, wakaulizana habari za ng'ombe. Halafu wakaenda moja kwa moja kwenye kichaka. Yule mrefu akatema mate mikononi, akainua jembe.

Nilikuwa na sauti, lakini ilikuwa mbali. Nikaenda nikasimama kati ya jembe na mianzi. Jembe likabaki juu.

"Naam, daktari," baba mdogo akasema.

Nikamwonyesha upande wa shamba lake, ule mwanzi wa pili, ambao sikuwa nimeugusa.

"Baba, chimba hii moja kwanza."

Ni maneno matano. Nimeyahesabu. Yule aliyekuwa anatafuna akaacha kutafuna.

"Kuna nini chini yake?"

Nilikuwa nimemaliza maneno. Nikasubiri. Baba mdogo aliniangalia, akamwangalia kukhu, na kukhu akawa anaangalia kuku. Mwishowe akachukua jembe mwenyewe. "Wacha nimpe heshima yake," akawaambia wale wawili, "halafu tufanye kazi." Akavuka, akapiga mara tatu, akaingiza mkono na kuvuta kipande cha chini.

Alikisafisha na kidole. Yule mrefu akainama.

"Huu mzizi umechongwa, bana."

"Na panga," mwenzake akasema. "Ati mti umejichonga?"

Baba mdogo alikigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, akaweka kidole gumba cha kushoto juu ya ile michongo na kikalala vizuri. Nilimwona anajua. Ilichukua muda, na hakuna aliyemsaidia.

"Huu ni mkono wangu," akasema.

"Ni vile vijiti vya nyanya, baba," nikasema. "Ukivikata vikiwa vibichi vinaota. Haikutembea."

"Mimi ndiye nilipanda."

"Ndio, baba."

"Kwangu mwenyewe."

"Ndio, baba."

Yule aliyekuwa anatafuna alianza kucheka, akaona uso wa baba mdogo, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Kikohozi chenyewe hakikumfaa.

Baba mdogo alisimama na kile kijiti. Ningeweza kusimulia kwamba alikuwa na aibu, lakini ilikuwa zaidi kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo. Alikuwa ametangaza jambo hili mpaka sokoni Sirisia. Alikuwa amenunua dawa. Akatafuta, akapata.

"Lakini si uliniruhusu nikate," akaniambia. "Kukhu alikupigia simu, ukakubali."

Kukhu alikuwa bado na kuku. Hakugeuka. Niliona tu mgongo wake, na ule mgongo ulikuwa umesimama.

"Nilikubali," nikasema.

Ulikuwa uongo. Nauandika hapa kama ulivyo. Sikuupenda na sikuujutia pia, na bado sijui inawezekanaje.

"Basi mtaalamu mzima, unanikubalia nikate, hunielezi kwamba vinaota? Mnasoma nini huko?"

"Ningekueleza, baba. Nilisahau."

"Alisahau," akawaambia wale wawili, na mabega yake yakashuka. "Mnaona vijana. Kitabu kingi, halafu anasahau."

"Vijana ni hivyo," yule mrefu akakubali.

"Sasa hii kubwa," baba mdogo akauliza, akionyesha kichaka kwa kile kijiti, "una hakika haitembei? Usiniambie kwa kusahau."

Nikampeleka kwenye mtaro niliochimba. Nikamwonyesha yale mafundo yalivyojikunja na kubanana, na kwamba upande wa kwake hakuna kilichopita. Nikamwonyesha vifundo visivyo na mfereji. Niliongea, nafikiri, dakika tatu nzima. Alichuchumaa na kupapasa, na alipomaliza alikuwa na manyoya meusi mkononi, hakusema.

"Kama ni hivyo, ikae," akasema. "Lakini hii mitano itoke leo. Na nikiona wa sita, sitamwita mtu."

Wale wawili waling'oa mitano kwa dakika kumi. Walionekana kusikitika kidogo kwamba kazi imekuwa ndogo. Kukhu aliwapa chai na viazi vitamu, na baba mdogo pia akanywa, akiwa amekaa kwenye kigoda cha kukhu. Ile dawa aliibeba kurudi nayo. Akiwa mlangoni akageuka.

"Septemba nitapanda nyanya tena," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Alipoondoka kukhu aliosha vikombe mara mbili. Halafu akaja akakaa karibu na mimi na kuniwekea mapajani sahani yenye firigisi, kile kipande cha kuku anachowapa wageni wanaume. Hatukuongea habari ya simu. Usiku huo aliomba kwa muda mrefu, na nikasikia amenitaja mahali pawili.

Ijumaa niliamka saa kumi na mbili na nusu. Nilichukua panga na kukata mianzi kumi na mmoja, ile iliyokomaa tu, nikaipunguza matawi. Niliivutia kwenye paa la banda la mbuzi na kuipanga mmoja mmoja ikielekea jua, mbali na udongo, ikauke mpaka mistari ya kijani iishe. Halafu nilivuka mpaka kwa njia ya mlangoni, nikabisha kwa baba mdogo, na nikamwambia asivichukue vijiti vyake vya nyanya mpaka mwezi uishe, vikauke kabisa visije vikaota.